Noti Saba kwa Futi Elfu Ishirini na Tano

Kwanza kabisa niseme wazi ili pasiwe na maneno: mimi sikutafuta mchumba. Nina miaka hamsini na mitatu, goti langu la kulia linagoma kila nikipanda ngazi, na nimekaa mjane miaka kumi na moja bila kumsumbua mtu. Kazi yangu ni propela. Ndege zote za kampuni yetu, zile ndogo za abiria tisa zenye injini mbili, zinapita mikononi mwangu. Mimi ndiye ninayezifungua propela, ninayezisafisha, ninayezipima na kuzifunga tena, kisha natia sahihi kwamba ziko salama. Ukitaka kujua kama propela ni nzima usimuulize rubani. Niulize mimi.

Na ukiniuliza nitakujibu, na nikishakujibu, basi, mjadala umefungwa. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu.

Sasa huyu kapteni. Karakanani tulimwita Rudisha, jina nililompa mimi mwenyewe siku niliyokasirika. Sababu yake ni hii. Ndani ya ndege zetu, mbele pale kwa marubani, kuna mkono wa nguvu ya injini na pembeni yake mkono wa propela. Huo wa propela ukiusukuma mbele kabisa, propela inazunguka mara elfu mbili kwa dakika. Ukiurudisha nyuma, inashuka hadi elfu moja na mia saba, kelele inapungua, na abiria wanaweza kuongea bila kupasuana masikio. Marubani wengine wakiwa safarini wanauacha mbele. Yeye, kila akifika juu, anaurudisha. Halafu akitua anakuja karakanani na kikombe chake cha chai, anaegemea meza yangu, ananisimulia jinsi ndege ilivyotulia, na eti mwendo haukupungua hata chembe.

Eti haukupungua. Mimi propela nimezishika miaka ishirini na mitano. Ukipunguza mizunguko umepunguza kazi, na ukipunguza kazi umepunguza mwendo, hata mtoto wa baiskeli analijua hilo. Nilimwambia hivyo si mara moja, na si kwa sauti ya chini. Yeye anacheka kidogo, anamalizia chai, anasema, huko juu mambo ni mengine, Fundi. Kisha anaenda kuosha kikombe chake mwenyewe na kukitundika kwenye msumari. Mwanamume mbishi unajua la kumfanya, lakini mbishi anayeosha kikombe chake utamfanyaje?

Mabishano hayo yalienda miaka miwili, kila Jumanne na kila Ijumaa, siku anazorudi kutoka safari ndefu. Nilikuwa namsubiri nikiwa nimeshapanga hoja zangu tangu asubuhi. Binti yangu, ambaye naye ni rubani kwenye kampuni hiyohiyo, aliniuliza siku moja kwa nini Ijumaa navaa ovaroli mpya. Nikamwambia ile ya zamani nimeiloweka. Akauliza, kila Ijumaa, Mama? Nikamwambia aende akaruke, ndiyo kazi anayolipwa.

Basi ikafika Ijumaa moja, akaja bila kikombe. Hapo ningepaswa kushtuka. Alikuja akasimama upande wa pili wa propela niliyokuwa nimeifumua mezani, mikono nyuma kama anayekaguliwa, akaniuliza kama nitakubali anioe. Aliuliza kwa sauti ndogo kabisa, ya mtu na mtu. Lakini sekunde ileile fundi wa umeme alizima mashine ya kujazia upepo, na karakana nzima ikawa kimya. Watu ishirini walisikia kila neno.

Mwenye akili zake angesema nipe siku mbili nifikirie. Mimi nikishtuka nakasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko, spana mkononi, na macho ya watu ishirini mgongoni. Nikasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Nitaolewa na wewe siku ndege itakapokwenda mwendo uleule na propela umeirudisha nyuma."

Karakana ilivunjika mbavu. Fundi wa umeme alicheka hadi akakaa chini. Yeye peke yake hakucheka. Aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepewa namba ya kipuri akaiandike, akasema, "Sawa, Fundi. Tutapima."

Saa moja haikupita, habari ilikuwa imefika hadi kwa wakata tiketi. Nilirudi nyumbani kichwa juu, nikijihesabu mshindi. Nikaingia bafuni, nikajiona kwenye kioo. Nilikuwa na doa la grisi kidevuni, jeusi, kubwa, la mviringo. Mtu ameniposa na hilo doa, na mimi nimemkataa na hilo doa. Nilicheka mpaka nikashika sinki. Nikaendelea kucheka, halafu kicheko kikaniishia ghafla, kwa sababu nilielewa nilichofanya.

Nilimtaka yule mtu. Nilimtaka pamoja na ubishi wake, kikombe chake, na kile kicheko chake cha nusu. Na nilikuwa nimefunga mlango kwa kufuli la kazi yangu mwenyewe, mbele ya mashahidi ishirini. Kulifungua ni lazima nikosee kuhusu propela. Mimi, kuhusu propela! Na jambo moja lilikuwa haliwezekani kabisa: kudanganya. Miaka yote hiyo sijawahi kupindisha namba hata moja, kwa sababu namba yangu ikipinda kuna watu tisa wanaanguka. Kwa hiyo nilitaka kushindwa, na nilitaka kushindwa kwa haki, na nilikuwa na uhakika kwamba nitashinda.

Wiki iliyofuata ndege moja ilitoka mikononi mwangu na propela mbili zilizokarabatiwa, na sheria inataka ndege ya namna hiyo ijaribiwe angani kabla ya kubeba abiria. Meneja alikuwa amechoshwa na minong'ono. Aliniita pamoja na kapteni, akatuambia tupime ugomvi wetu kwenye safari hiyohiyo ya majaribio, na baada ya hapo asilisikie tena jina la propela likitajwa kwenye korido zake.

Karatasi ya vipimo niliiandika mimi. Urefu wa aina tano: futi elfu tano, elfu kumi, elfu kumi na tano, elfu ishirini, na elfu ishirini na tano, ambako ndiko mwisho wa ndege zetu. Katika kila urefu, kwanza propela iwe mbele kabisa, tuandike mwendo. Kisha irudishwe nyuma, tusubiri mpaka mishale yote itulie, tuandike tena. Mwendo tunaupima kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, na tutausoma kwenye geji ya ndege, inayopima hewa inavyotupiga usoni, ili mtu asije akasingizia upepo wa nyuma.

Halafu, ili asinichezee mchezo, nikaongeza sharti moja kwa herufi kubwa: NGUVU YA MSOKOTO IBAKI ILEILE.

Msokoto ni ile nguvu ambayo kwayo injini inausokota mhimili wa propela. Una geji yake, na geji hiyo ina mstari mwekundu. Ukirudisha propela nyuma, mhimili unazunguka polepole zaidi lakini unasokotwa kwa nguvu zaidi, na mshale unapanda. Mimi naliona hilo kila siku ninapowasha injini hapa chini mbele ya karakana: rudisha propela, mshale unaruka kuelekea kwenye nyekundu, na mkono wangu wenyewe, bila hata kuuambia, unapunguza nguvu ya injini kuushusha. Ukivuka nyekundu umeua giaboksi. Sharti hilo lilikuwa kwenye damu yangu.

Kapteni aliichukua karatasi akaisoma. Akaisoma tena. Macho yake yalikaa kwenye zile herufi kubwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, nikamuuliza kama ana tatizo. Akasema karatasi ni yako, Fundi. Akasaini.

Siku yenyewe ilianza na jua safi, bila wingu. Niseme ukweli, kuruka sikupendi. Anayejua kila kitu kinachoweza kulegea kwenye ndege hawezi kukaa ndani yake akaangalia mandhari. Safari zote za majaribio nilikuwa nampa mwenzangu aende, mimi nabaki chini nikisikiliza injini. Lakini hii ilikuwa yangu. Nilikaa kwenye kile kiti cha kukunja nyuma ya marubani, magoti yakinigusa kidevu, karatasi mapajani. Kapteni kushoto, binti yangu kulia. Nilikuwa nimejipulizia manukato kidogo, kidogo tu, nyuma ya masikio. Binti yangu alinusa hewa, akamwambia kapteni wakague, kuna kitu kinavuja. Kapteni alisema anakisikia, na kwamba hakina madhara. Nikawaambia waangalie kazi yao.

Tukafika futi elfu tano. Propela mbele: mia mbili ishirini na moja. Kapteni akairudisha. Mshale wa msokoto ukapanda kuelekea kwenye nyekundu kama nilivyojua utapanda, yeye akapunguza nguvu ya injini, mshale ukarudi mahali pake, na ndege ikapunguza mwendo. Binti yangu akasoma kwa sauti: mia mbili na tisa.

Noti kumi na mbili. Si nilisema? Nilikuwa sahihi, sahihi kabisa, na moyo ukaniporomoka hadi kwenye soli za viatu. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa kawaida, kwa uchungu.

Elfu kumi, noti kumi na moja. Nikaandika bila kutazama mtu. Elfu kumi na tano, binti yangu akasoma namba zote mbili, nikatoa, nikapata tisa. Nikatoa tena. Tisa. Nikarudi juu kwenye karatasi: kumi na mbili, kumi na moja, tisa. Zinapungua.

Kitu fulani kikanipanda kifuani, na siwezi kukiita jina lingine ila kiherehere. Kapteni alikuwa anamweleza binti yangu, kwa sauti yake ileile ya kikombe cha chai, kwamba kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi na baridi, na kwenye baridi hiyo ncha za propela inayokwenda kasi sana zinaanza kupoteza nguvu bure. Inayokwenda polepole inaishika hewa vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nilikuwa pembeni ya karatasi, kwa penseli, napiga hesabu kama mtoto wa shule anayehesabu siku za likizo. Zikipungua mbili, zitabaki saba. Zikipungua tatu, nne. Nilifika hadi futi elfu arobaini, ambako ndege yetu haiwezi kufika hata ikibebwa, na nakuapia nilitaka kufungua mdomo niulize kama tunaweza kujaribu. Mwanamke mzima. Nilikuwa natabasamu peke yangu, na binti yangu alipogeuka akaniona, akageukia mbele haraka, mabega yanamtikisika.

Elfu ishirini. Nane.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nane. Kutoka tisa hadi nane, moja tu! Niliikasirikia ile namba kana kwamba ni mtu amenipita kwenye foleni. Nikamwambia asafishe miwani. Akanikumbusha kwamba havai miwani.

Tulipanda kipande cha mwisho. Nilijaribu kujiambia kwamba mimi ni fundi, niko kazini, na namba ni namba. Futi elfu ishirini na tano, anga lile limekolea bluu, na chini huko kila kitu kidogo. Propela mbele: mia moja sabini na nne, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi na geji inasoma kidogo. Kisha kapteni akashika mkono wa propela, akaurudisha taratibu, na kelele ikaondoka.

Sikuwa najua. Miaka ishirini na mitano nazishika, na sikuwahi kuwa ndani ya ule utulivu. Nilisikia kalamu yangu ikigusa karatasi. Nilisikia binti yangu akipumua kabla ya kusoma.

"Mia moja sitini na saba."

Noti saba. Na hakuna pa kupanda tena.

Kapteni aliitazama geji. Hakunung'unika, hakutafuta sababu, hakulaumu hali ya hewa. Bila kugeuka akasema, "Noti saba, Fundi. Umeshinda." Akanyoosha mkono nyuma nimpe karatasi asaini.

Nilikuwa nimeshinda, na sijawahi kuwa na huzuni kubwa kama ile nikiwa nimeshinda. Machozi yalikuwa karibu, na mimi silii mbele ya marubani, kwa hiyo nikafanya anachofanya kila fundi akitaka kuficha uso: nikakagua geji. Moja baada ya nyingine, kutoka kushoto.

Mshale wa msokoto ulikuwa chini. Chini sana. Theluthi nzima ya geji ilikuwa tupu kati yake na ile nyekundu. Nikakunja uso. Nikatazama geji ya joto la injini. Kabla hajarudisha propela, joto lilikuwa limefika kwenye kikomo chake, niliona kwa macho yangu. Sasa lilikuwa limeshuka. Kwa nini limeshuka? Kwa sababu alipunguza nguvu ya injini. Alipunguza kwa nini? Ili msokoto ubaki uleule. Na msokoto ubaki uleule ili iweje, wakati nyekundu yenyewe iko huko mbali?

Nikawa kama nimemwagiwa maji. Chini, injini ina hewa ya kutosha, na kinachoizuia ni msokoto. Huku juu hewa ni haba, injini haiwezi kuufikia huo mstari hata ikitaka. Kinachoizuia huku ni joto. Kanuni yangu ya herufi kubwa ilikuwa kanuni ya sakafu ya karakana, na mimi nilikuwa nimeibeba sakafu nzima nikaipandisha hadi futi elfu ishirini na tano. Hakuna rubani anayeweza kukosea hivyo. Kosa hilo linahitaji fundi, tena fundi hodari, ambaye injini zote alizowahi kuziwasha zilikuwa zimekaa chini.

Mkono wa kapteni bado ulikuwa umenyooshwa nyuma.

Ningeweza kunyamaza. Ningempa karatasi, angesaini, tungeshuka, na watu ishirini wangenipigia makofi. Ningekuwa sahihi hadi nizeeke. Nikajiona nikiwa sahihi jikoni kwangu, jioni, na sufuria moja, sahani moja, na redio.

"Kapteni," nikasema. "Joto lako limeshuka."

"Naliona."

"Na msokoto una nafasi."

"Una nafasi, ndiyo."

"Sasa nguvu umepunguza ya nini?"

"Karatasi inasema msokoto ubaki uleule."

Kuna maneno ambayo mdomo wangu haukuwa na njia yake, ilibidi itobolewe hapohapo.

"Karatasi ina makosa."

Binti yangu alisogeza kile kisikilizio chake kutoka sikioni. Akaniomba niseme tena, eti kulikuwa na kelele. Hakukuwa na kelele yoyote, mshenzi yule, nilimzaa mwenyewe.

"Karatasi ina makosa," nikasema. "Nimekosea mimi. Propela iache nyuma hivyohivyo. Ongeza nguvu ya injini mpaka joto lifike pale lilipokuwa."

Kapteni akauvuta mkono wake, akaushika mkono wa nguvu, akausukuma kidogo kidogo. Joto likapanda. Msokoto nao ukapanda na bado ulikuwa mbali na nyekundu. Mshale wa mwendo ukatetemeka. Binti yangu akaanza kusoma bila kuambiwa, sauti yake ikipanda pamoja nao: sitini na nane, sabini, sabini na moja. Mimi nilikuwa nimeinuka kwenye kile kiti cha kukunja, kichwa kimegonga dari, sikuhisi. Sabini na mbili. Sabini na tatu. Hapo ukasimama. Ukakaa palepale, na nikausemesha ule mshale maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Mia moja sabini na nne," akasema binti yangu. Akasubiri kidogo, akasema tena, polepole. "Mia moja sabini na nne, Mama. Umetulia."

Mwendo uleule, na propela imerudishwa nyuma.

Niliandika namba ile kwa mkono uliokuwa unacheza, na nne yangu ikatoka kama tisa. Sasa kwenye kazi yetu hairuhusiwi kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika sahihi juu yake, na pembeni unaweka herufi za jina lako, ili anayekuja baadaye aone ulichokosea na ajue ni wewe uliyekirekebisha. Nikaipiga mstari ile tisa, nikaandika nne, nikaweka herufi zangu. Kisha nikapanda juu hadi kwenye zile herufi kubwa. Nikapiga mstari mmoja katikati yake. Juu yake nikaandika: chini, kikomo ni msokoto, juu, kikomo ni joto. Nikaweka herufi zangu hapo pia, na hazikutetemeka.

Halafu nikauliza lile lililokuwa linanichoma.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliponipa karatasi," akasema.

"Ukanyamaza."

"Ningekuambia ungenibishia, Fundi. Ungenibishia hadi leo."

Hilo sikuweza kulibisha. "Na kama nisingeona?"

"Ningesaini, tungeshuka."

"Yaani ungeniacha."

Hapo aligeuka, kwa mara ya kwanza tangu tuiache ardhi. Alikuwa na macho mekundu kidogo pembezoni. "Ningekuja Ijumaa na kikombe changu," akasema. "Kama kawaida."

Binti yangu alikuwa anaangalia nje upande wake kwa bidii sana, kana kwamba kuna kitu kwenye lile anga tupu.

Chini kabisa ya karatasi zetu kuna nafasi imeandikwa Maoni ya Fundi. Kwa kawaida naandika neno moja, nzima, au maneno mawili, irudi karakanani. Nikaandika: Propela nzima. Nikaongeza: Nimekubali. Nikatia sahihi yangu, tarehe na saa, nikampa. Aliisoma mara mbili, kama alivyoisoma siku ile, na macho yakakaa mahali pamoja. Kisha akasaini chini yangu, kwenye nafasi ya rubani, na akarudisha kofia ya kalamu vibaya mara tatu kabla haijaingia.

Nikaanza kucheka. Sijui kama ni ule urefu au ni mimi. Binti yangu naye akacheka, kisha kapteni, si kile kicheko chake cha nusu bali kizima, sikuwa nimewahi kukisikia, na kilikuwa kibaya, cha kukoroma, nikakipenda hapohapo. Tukaanza kushuka tukiwa hivyo, watu watatu wazima, machozi yanatutoka, na mtu wa redio chini anauliza kama tuko salama. Binti yangu ilibidi ajaribu mara mbili kumjibu.

Tulipokaribia futi elfu kumi, akili zikanirudia, na pamoja nazo tabia yangu. Nikainama katikati yao nikagonga ule mkono wa propela kwa ukucha.

"Sasa sukuma mbele," nikamwambia. "Huku chini bado ni kwangu. Noti kumi na moja, imeandikwa."

Hakubisha. Akausukuma mbele kabisa, propela zikapanda hadi elfu mbili, na kelele yote ikarudi ikajaa ndani ya ndege hadi kwenye meno. Kapteni akageuza kichwa akaniambia kitu, mdomo wake nikauona ukienda, maneno mengi, akiwa ametabasamu. Sikusikia hata moja. Nikamjibu ndiyo.